Jipe ndogo: raha ya volani na uchumi wa esanse si maadui

Mtu anayetafuta jipe ndogo siku hizi, awe Butembo, Bunia, Uvira ao Lubumbashi, anauliza maswali mawili. La kwanza analiuliza kwa sauti kubwa: inakula esanse kiasi gani? La pili wengi wanalificha kidogo, kwa sababu linaonekana kama swali la kitoto: inaendeshwa vizuri? Wauzaji wanapenda tuamini kwamba lazima uchague moja. Ukitaka gari yenye kukupa furaha, kubali kunywesha. Ukitaka kuokoa, kubali gari iliyolala.

Mimi nasema si kweli, na hapa kwetu kwenye milima ndiyo si kweli kabisa. Kitu kinachomaliza esanse na kitu kinachoua raha ya volani ni kimoja: uzito. Tunanunua jipe nzito kuliko kazi tuliyo nayo, tunaongeza juu yake mitambo ambayo hatutaitumia hata mara mbili kwa mwaka, halafu mwisho wa mwezi tunashangaa kwa nini gari imelala kwenye parsele na sisi tumepanda pikipiki ya motari.

Kwanza tuelewane juu ya gari tunazozungumzia. Sisemi Land Cruiser wala Prado. Hizo ni habari ya mashirika, wakubwa na watu wa migodi. Nasema zile jipe za okazioni kutoka Japani, zinazopita Mombasa ao Dar es Salaam mpaka zinaingia kwetu: RAV4, CR-V, X-Trail, Grand Vitara ambayo Japani wanaiita Escudo, Rush, Forester. Karibu zote zilizaliwa kutoka wazo moja. Mwaka wa 1994 Toyota ilitoa RAV4 ya kwanza ikitumia vipande vya Corolla na Carina, si chasi ya lori. Mwaka uliofuata Honda ikafanya vilevile na CR-V juu ya msingi wa Civic. Ni gari ndogo za kawaida zilizoinuliwa. Mtu akikuambia "hii ni jipe kweli kweli", mwambie chini ya mwili wake kuna Corolla, na hilo si tusi. Ndiyo sababu zinakata kona vizuri kuliko Prado.

Grand Vitara ni tofauti. Ile ya kuanzia 2005 ina fremu iliyounganishwa ndani ya bodi, magurudumu yake manne yanasukuma wakati wote, na nyingi zina vitesi vya chini vya kupandia mahali pagumu. Katika matope ya msimu wa mvua, kati ya jipe hizi za bei ya kati, ni vigumu kuishinda. Lakini yote hayo yana uzito. Ile ya milango mitano inakaribia kilo 1.600, wakati RAV4 ya kizazi cha pili, ile ya 2000 mpaka 2005, iko kati ya kilo 1.200 na 1.350 kufuatana na aina. Tofauti ya kilo 250 ao 300 ni kama watu wanne wakubwa umewapakia bure, asubuhi na jioni, mwaka mzima.

Mahali pa tambarare, hao watu wanne hawakusumbui sana. Kisangani, ambako mji uko chini, mtu anaweza kuishi nao. Lakini angalia barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, Ziwa Kivu liko 1.460. Gari inapopanda Ngomo, kila kilo inainuliwa kwa esanse, hakuna njia nyingine. Na ukifika juu ukaanza kushuka upande wa pili wa kilima, ile nguvu uliyoilipia unaitupa kwenye breki, inageuka moto na harufu. Gari nzito inalipa mara mbili: inakunywa ikipanda, inakula plakete za breki ikishuka.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi, na sijui kama wengi wao wanalijua. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Moteri isiyo na tubo inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kila unapopanda mita 100. Ile "farasi 150" iliyoandikwa kwenye karatasi ya X-Trail ya lita 2 ilipimwa chini, karibu na bahari. Butembo, kupita mita 1.700, unabaki na farasi 125 hivi. Rush ya lita 1,5 yenye farasi 109 inabaki na 90, na ukiweka familia ya watu saba ndani pamoja na gunia la maharagwe, lazima uikandamize mpaka chini ili ipande. Ndiyo sababu watu wengi walionunua Rush wakifikiri moteri ndogo itawaokoa wanashangaa inakula sawasawa na jipe ya lita 2. Moteri ndogo inaokoa kama mzigo wake ni mdogo. Ukiilazimisha kupiga kelele kutwa nzima, inakunywa kama wakubwa wake, na wewe unafika umechoka masikio.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu haya yote ni maneno ya baa. Jipe hizi za lita 2 za miaka ya 2000, kwa vipimo vya Ulaya vya wakati ule, zilikuwa zinaandikwa karibu lita 9 kwa kilomita 100. Vipimo hivyo vilifanywa ndani ya nyumba, gari ikiwa mpya. Gari yenye miaka 18, mipira isiyojaa hewa, filta ya hewa iliyojaa vumbi jekundu, na mashimo yanayokulazimisha kurudi kwenye vitesi vya kwanza kila mita 50, usishangae ikifika lita 12 mjini. Tuseme yako inakula 12 na ya jirani inakula 8. Ukitembea kilomita 1.000 kwa mwezi, tofauti ni lita 40. Kwa mwaka ni lita 480, yaani bidoni 24 za lita 20. Zidisha wewe mwenyewe kwa bei ya pompo ya mji wako, ao kwa bei ya akina Kadhafi wa kando ya barabara siku ambazo stesheni zimefunga. Kisha weka hiyo namba pembeni ya karatasi ya minervali ya watoto.

Ni hapa ndipo swali la kwanza na la pili vinakutana. Nani anafurahia kuendesha gari ambayo anaangalia sindano ya esanse kuliko barabara?

Kwa upande wa raha yenyewe, nitasema wazi ninavyoziona. RAV4 ya kizazi cha pili yenye vitesi vya mkono ndiyo inayotii zaidi. Ni fupi, volani yake inakuambia mipira inafanya nini, na wewe ndiye unachagua vitesi vya kupandia mlima, si kompyuta. CR-V ya kizazi cha pili ina nafasi zaidi na inalainisha mashimo vizuri zaidi. Mama mwenye biashara anayepakia marobota ya vitenge atamshukuru Honda. Lakini kwenye kona inalala upande kama mtumbwi. X-Trail ya kwanza, ya kuanzia 2000, haina uzuri wowote wa kuangalia, ni sanduku, lakini ina kitufe ambacho ninatamani jipe zote ziwe nacho: unachagua mwenyewe magurudumu mawili, ao otomatiki, ao kufunga yote manne. Kwenye lami unaweka mawili. Ukifika kwenye matope unabadilisha. Grand Vitara haikupi chaguo hilo. Inasukuma manne hata ukienda kununua mkate. RAV4 nyingi za kizazi cha pili zenye 4x4 zina tabia hiyohiyo, ndiyo maana ile ya magurudumu mawili si ya kudharau. CR-V yenyewe inajipanga: ya nyuma yanaingia pale tu ya mbele yanapoteleza. Inachelewa kidogo, lakini kwa barabara ya mtaa inatosha.

Na X-Trail iliyofuata, ya 2007, pamoja na RAV4 ya kizazi cha tatu? Nyingi zilizotoka Japani zina otomatiki isiyo na ngazi za vitesi, ile inayoitwa CVT. Kwenye lami ndefu kama ile ya Lubumbashi kwenda Likasi inaokoa esanse kweli. Kwenye mlima moteri inalia sauti moja bila mwisho, na mguu wako haujui tena unaamuru nini. Pia inataka mafuta yake maalumu. Fundi akimimina mafuta ya otomatiki ya kawaida, umeanza kuhesabu siku.

Juu ya esanse yetu, neno moja kwa wanaoangalia RAV4 za 2000 mpaka 2003 hivi. Fungua kapo, soma juu ya moteri. Ukiona D-4, jua kwamba esanse inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Ni mtambo wa uchumi uliotengenezwa kwa esanse safi ya Japani. Kwa esanse ya chupa iliyosimama kwenye jua, iliyochanganywa na sijui nini, pompo na injekta zinachafuka, gari inaanza kutetemeka ikisimama, na uchumi unageuka hasara. Moteri ya 1,8 ao ile ya lita 2 isiyo na D-4 inasamehe zaidi. Mazda CX-5 ya kuanzia 2012 nayo ni mfano huohuo. Nikiambiwa nichague jipe ndogo moja inayoendeshwa vizuri na kunywa kidogo, kwa karatasi ni hiyo: ile ya lita 2 yenye kusukuma magurudumu mawili iliandikwa lita 6 kwa kilomita 100 katika vipimo vya Ulaya, ina sentimita 21 kati ya tumbo na ardhi kwa toleo la Japani, na kwenye kona inatembea kama gari ndogo. Lakini nayo inapuliza ndani ya silinda, na inakandamiza kupita kawaida. Mwenye stesheni anayoiamini aifikirie. Anayenunua kwa chupa aiache.

Najua kuna wanaosema: wewe unaongea uzito na uchumi, lakini barabara zetu zinadai 4x4. Mara nyingine ni kweli. Daktari anayepanda kila wiki kwenye vituo vya afya vya milimani, mnunuzi wa kahawa ao kakao anayeingia vijijini Aprili na Novemba, wachukue Grand Vitara bila kuniomba ruhusa. Esanse yao ya ziada inalipa kufika. Lakini nusu ya wenye jipe ninaowaona mjini wanatoka nyumbani mpaka ofisini, kanisani na sokoni. Wanachohitaji ni urefu wa tumbo la gari na amotisere nzima. Magurudumu manne hayakusaidii kuvuka shimo. Yanakusaidia kutoka kwenye utelezi. Mipira mizuri yenye meno inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa bei ndogo.

Na tuseme ukweli juu ya hizo barabara. FONER, mfuko wa matengenezo ya barabara, iliundwa mwaka wa 2008, na fedha zake zinatoka kwenye peaje na kwenye ushuru ulio ndani ya bei ya mafuta. Maana yake kila lita unayoweka kwenye stesheni, umelipia barabara. Mwenye jipe inayokula 12 amelipia zaidi kuliko mwenye kula 8, halafu anatumia tena 12 kwa sababu barabara aliyolipia haipo. Hiyo ni hesabu ambayo Kinshasa inapaswa kutuonyesha siku moja, mkoa kwa mkoa. Mwezi wa sita 2021 marais wa Congo na Uganda walizindua pale Mpondwe kazi za kilomita 223: Kasindi mpaka Beni, kipande cha Beni na Butembo, na Bunagana mpaka Goma kupitia Rutshuru. Vita imekula sehemu ya mpango huo. Lami ikikamilika mahali, ndipo wenye jipe nzito watatambua wamebeba chuma cha bure.

Volani ya kuume nayo inaingia katika hesabu hii, ingawa watu wanaiona kama suala la bei tu. Sisi tunatembea upande wa kuume wa barabara. Dereva aliyekaa kuume, nyuma ya romorike inayopanda kwa mwendo wa mguu, haoni mbele mpaka atoe nusu ya gari kwenye njia ya wengine. Ndiyo ile desturi ya abiria wa kushoto kusema "pita" ao "bado", na familia ngapi zimekufa kwa neno hilo moja lililosemwa mapema. Asiyethubutu anabaki nyuma ya moshi, vitesi vya pili, kilomita kumi, esanse ikienda. Hapo hakuna raha na hakuna uchumi. RAV4 ao CR-V yenye volani ya kushoto inauzwa ghali zaidi, ndiyo, na si rahisi kuipata. Kwa mtu wa barabara ndefu, mimi ningelipa hiyo tofauti kabla ya kulipa 4x4.

Zimebaki hibridi, ambazo vijana wanaziulizia sana. Toyota C-HR hibridi iliandikwa chini ya lita 4 kwa kilomita 100, na hata ukiongeza nusu kwa sababu ya maisha ya kweli, bado inashinda zote nilizotaja. Wazo lake linafaa milima kuliko tunavyofikiri: ikishuka, mota ya umeme inageuka jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo wengine wanaichoma kwenye breki. Betri ni ndogo, kwa hiyo mteremko mrefu utaijaza kabla hujafika chini, lakini katika mji wa kupanda na kushuka na msongamano, moteri inazimika mara nyingi sana. Shida ya C-HR ni tumbo lake, sentimita 14 tu. Katika mitaa mingi yetu itaacha vipande njiani. RAV4 hibridi ya kuanzia 2015 iko juu zaidi, na ile ya 4x4 inasukuma nyuma kwa mota ya umeme bila mti mrefu wa chuma chini. Bei yake bado ni ya wenye nazo. Tena uliza kwanza: katika mji wako ni nani anayeweza kufungua betri hiyo na kubadilisha seli moja badala ya kukuambia ununue nzima? Inchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na fundi wa betri bado tunamtafuta kwa taa. Shule zetu za ufundi zingeanza na hilo, si na michoro ya kabureta.

Basi, kwa mtu mwenye familia ya kawaida, mji wa mlima, safari moja ao mbili za barabara mbaya kwa mwezi, mimi ningeanza na RAV4 ya kizazi cha pili, vitesi vya mkono, isiyo D-4. Akihitaji nafasi, X-Trail ya kwanza, kitufe kikikaa kwenye magurudumu mawili. Akiwa mtu wa matope kila wiki, Grand Vitara. Na kama haondoki mjini kamwe, Vitz ya lita 1 itamletea mabaki ya pesa ambayo jipe yoyote haitamletea, hata kama shemeji zake watacheka.

Kabla ya kutoa dola, usikubali kujaribu gari kwenye parsele ya muuzaji. Ipeleke kwenye mlima mkali wa mji wako, na watu wanne ndani, moteri ikiwa tayari na moto. Simama katikati ya mlima, kisha ondoka tena. Sikiliza kama inapanda ao inalalamika, angalia nyuma kama inatoa moshi wa buluu. Ukiinunua, siku ya kwanza jaza tanki mpaka juu, weka kipimo cha kilomita kwenye sifuri, tembea wiki moja kama kawaida yako, kisha jaza tena kwenye pompo ileile. Lita zilizoingia zidisha kwa mia, gawanya kwa kilomita ulizotembea. Fanya hivyo kila mwezi na uandike kwenye daftari. Siku namba itakapopanda kwa lita mbili bila sababu, nenda kwa fundi kabla hajakuita yeye.